Ulimi Nao Una Darasa Yake

Ndugu msomaji, zamani vyuo vikuu vingi vya Marekani vilisomesha lugha za kigeni kama tulivyosomeshwa sisi nahau: kuhifadhi kanuni na kufasiri vitabu. Mwanafunzi akihitimu, asijue kuomba maji.

Vita vikawaumbua. Mwaka 1943 jeshi likataka wasemaji wa Kijapani, Kichina na Kiarabu, likapeleka askari katika vyuo vikuu 55. Wakaketishwa makundi madogo mbele ya mwenye lugha yake. Yeye akisema, wao wakimwiga, saa nyingi kila siku. Baada ya vita njia hiyo ikaenea, pamoja na mashine za kunasa sauti.

Kufika miaka ya 1970 kasoro yake ikadhihiri: wengi walikuwa kasuku. Ndipo waalimu wakaanza kuwapa wanafunzi haja ya kweli ya kusema: kuuliza njia, kununua, kujadiliana.

Nami mwalimu mzee naungama: wengi nimewahifadhisha Ajurrumiyya, wala sikuwauliza kwa Kiarabu hata habari za nyumbani kwao. Basi ewe mzazi, mwanao akirudi chuoni usimuulize tu amefika ukurasa gani. Muulize leo amesema nini, na amefahamu nini.

Wabillahi tawfiq.