Ujiji, Tangazo la Wasomaji wa Mbali

Vijana wa Ulaya wanaopinga matangazo ya biashara mitaani, na wanaosafiri nchi hadi nchi kufundishana namna ya kuyapinga, wana miji miwili ya kujivunia. São Paulo, Brazili, ulipitisha sheria mwaka 2006, na kuanzia Januari 2007 mabango ya nje yakaanza kung'olewa. Grenoble, Ufaransa, ulitangaza mwaka 2014 kwamba hautaongeza mkataba wa mabango ya barabarani. Hoja yao inaeleweka haraka: mpita njia hajakubali kuuza macho yake, basi halmashauri inapata wapi haki ya kuyauza? Ni hoja nzuri, nami naiunga mkono. Ila ikishushwa Kigoma jinsi ilivyo, itakosa shabaha. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya karne moja na nusu, matangazo yenye nguvu kuliko yote hayakumlenga mkazi. Yalimlenga mtu aliye mbali, na mkazi akatumika kama mandhari.

Tuanze na mwaka 1871. Henry Morton Stanley hakutumwa Ujiji na serikali wala kanisa. Alitumwa na gazeti la New York Herald la James Gordon Bennett kumtafuta mpelelezi David Livingstone, na kilichotakiwa ni habari ya kuuza nakala. Aliingia mjini bunduki zikilia na bendera ya Marekani ikitangulia msafara. Mji aliouingia haukuwa ukisubiri kugunduliwa. Ulikuwa na soko lake, shanga za sofi zikipita kama fedha, na ndani yake walikutana Wajiji, Wamanyema, Waarabu na Waswahili wa pwani, pamoja na watu wa ng'ambo waliovuka ziwa kwa mitumbwi. Hata mtu wa kwanza kumlaki Stanley kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye hatutajiwi sana jina lake. Habari ilipochapwa New York na London, soko lote hilo likarudi nyuma ya wanaume wawili wanaosalimiana. Gazeti likapata mauzo, Stanley akapata jina, na jina lenyewe likawa bidhaa: baada ya safari yake ya baadaye ya kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, kampuni moja ya chai ya Uingereza ilichapa tangazo likiwaonyesha wote wawili wakinywa chai yake barani Afrika. Reli ya Wajerumani ilipofika ziwani mwaka 1914, shughuli zilihamia Kigoma. Ujiji ikabakiwa na umaarufu wa siku ile moja, na Waingereza wakausimamishia mnara wa mawe.

Mtu atasema mnara si bango, na kumbukumbu si biashara. Kweli, tofauti ipo. Mkutano ule ulitokea, na watalii wanaokuja kuuona huacha fedha mjini. Lakini bango halipimwi kwa bidhaa tu. Hupimwa pia kwa kuuliza nani aliamua liseme nini, na linamsemesha nani. Kwa vipimo hivyo, Ujiji iliandikwa na wageni kwa ajili ya wageni wenzao. Soko la sofi halikujengewa mnara.

Pingamizi zito zaidi ni la Ujamaa. Si kweli, wengine watasema, kwamba barabara zetu zimekuwa za wenye fedha siku zote. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara kubwa zilitaifishwa, na ukuta ukawa wa umma. Hilo nalikubali nusu. Matangazo ya biashara yalipungua, ingawa Redio Tanzania iliendelea na idhaa yake ya biashara, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 maduka yalikuwa matupu, hivyo hapakuwa na cha kutangaza. Ila kipindi hicho kinatupa pia onyo ambalo wanaharakati wa leo hawalitaji. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari 1969 jijini Dar es Salaam, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Hasira dhidi ya mafuta ya kujichubua ilikuwa na msingi, maana kuna aliyekuwa akitajirika kwa kuwaambia watu weusi kwamba ngozi yao ni kasoro. Lakini aliyekimbizwa barabarani hakuwa mwenye kiwanda. Walikuwa wasichana. Kampeni ya vijana ikishindwa kumfikia muuzaji, humgeukia mnunuzi, na mnunuzi aliye dhaifu ndiye wa kwanza kupigwa.

Tangu simu za mkononi zienee miaka ya 2000, kampuni za simu zimeshindana kupaka maduka rangi zao, na mwenye duka hupata ukuta mpya bila kulipia rangi. Humo mijini hilo ndilo tangazo linaloonekana zaidi. Ukitoka mjini kuelekea Kasulu, Kibondo na Kakonko, unakutana na la aina nyingine: bango la mfadhili. Mkoa huu umepokea wakimbizi wa Kongo na Burundi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Kisima, darasa, zahanati, hata turubai, kila kimoja hubeba nembo ya aliyekitoa. Watetezi wanasema ni uwajibikaji, mlipa kodi wa nchi ya mbali ana haki ya kujua fedha yake ilikoenda. Basi apelekewe hesabu. Mama anayechota maji hahitaji kusomeshwa jina la mfadhili kila asubuhi. Nembo ile imewekwa ili ipigwe picha, na picha isafiri. Bennett wa New York Herald angeuelewa utaratibu huo mara moja.

Kwa hiyo mabadilishano ya vijana, yale ya kusafiri nchi hadi nchi kufundishana, nayo yachunguzwe kwa jicho hilohilo, kwani mengi huja na fulana, bendera na picha za kupeleka kwa mlipaji. Si kwamba mabadilishano hayafai. Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa kutunza mazingira, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipokutana na wanafunzi 12, kisha wazo likatoka Tanzania kwenda nchi nyingine nyingi, kinyume cha mkondo tuliouzoea. Watetezi wa mabango nao watasema ada zake ni mapato ya manispaa. Dai hilo ni la haki, lakini ni la kuthibitishwa kwa tarakimu. Vijana wa Mwanga, Gungu na Kibirizi hapa Kigoma wakialikwa ng'ambo kujadili matangazo, waende. Ila kwanza waiombe Manispaa ya Kigoma Ujiji orodha ya kila bango na ada yake, na kila ofisi ya mradi ieleze nembo zake zimegharimu kiasi gani, kisha waisome hadharani sokoni.