Vumba Kuu: Makao ya Madiwani Yasiyo na Kasri

Aliyewahi kuzunguka Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, akifika Vumba Kuu huuliza mji wenyewe uko wapi. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Gedi, katika kaunti ya Kilifi, nako kuna jumba la mtawala lenye nyua zake. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kulifukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauorodhesha mji huo kuwa urithi wa dunia.

Vumba Kuu, kusini kabisa mwa Kwale, upande wa Vanga na mpaka wa Tanzania, ina mabaki ya msikiti na ya ukuta wa mji. Basi.

Hapo ndipo habari inapoanza kunoga. Uchimbaji uliofanywa na mwanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones ulionyesha kuwa mji huo ulikaliwa zaidi katika karne ya 14 na ya 15, Kilwa na Gedi zikiwa katika neema yao. Watu wake walikuwa Waislamu na waliishi pwani ileile ya biashara, lakini nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Kujenga kwa mawe, yaani kuchonga matumbawe na kuchoma chokaa, ni kazi ya jasho na gharama. Wao jasho hilo walilimwaga kwenye msikiti na ukuta, vitu vya mji mzima.

Mtawala je, alijulikana kwa lipi? Mwaka 1900 ofisa wa Kiingereza, Claud Hollis, alichapisha historia ya Wavumba kama walivyoisimulia. Kwa masimulizi hayo, baada ya watawala wa Kishirazi alikuja Sayyid Abubakar bin Sheikh, sharifu wa ukoo wa Ba Alawi wenye asili ya Hadhramaut, akashika udiwani, yaani utawala wa Vumba, yapata mwaka 1700. Udiwani haukuwa wa kurithi ukiwa umelala. Sharti mtu atoe karamu, watu wale washibe, ndipo avikwe kilemba, ngoma zilie na siwa, baragumu la enzi, ipulizwe. Siwa ndiyo iliyobeba heshima kote pwani: ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.

Ajabu ni kwamba wakati huo Vumba Kuu ulikuwa umeshahamwa, watu wakikaa Vanga na kisiwani Wasini. Hata hivyo diwani mpya alirudishwa kusimikwa kwenye gofu lile la wazee. Jumba halihamishiki, lakini siwa hubebwa, na pengine ndiyo sababu enzi ya Wavumba ilidumu hadi karne ya 19, ilhali Husuni Kubwa lilihamwa mapema mno.

Mwenye hamu ya mawe yaliyosimama aanzie Diani, kwenye Msikiti wa Kongo, penye mlango wa mto Mwachema. Unakadiriwa kuwa wa karne ya 14 au 15, umezungukwa na mibuyu, na hadi leo watu wanasali ndani yake. Wageni wengi wa hoteli huupita wakiwa ufukweni bila kugeuza shingo. Mbele kidogo ni Gazi, alikokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Lakini hiyo ni historia ya juzi tu.

Kutoka Shimoni, mashua huvusha watu hadi Wasini, kwenye magofu na kaburi la mnara. Wenyeji wa huko ni Wavumba wenyewe, kwa hiyo habari za madiwani husimuliwa kwa kufuata ukoo: huyu babu yake nani, yule alioa kwa nani.