Mjumbe Hauawi: Haragwe la Calabar na Ugonjwa wa Alzheimer

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ndani ya mwili wa binadamu mambo ni kinyume kabisa: mjumbe anauawa mara tu anapofikisha ujumbe, na asipouawa, mwenye mwili ndiye anayekufa. Ukiielewa sentensi hiyo, umeelewa vidonge vingi wanavyopewa wagonjwa wa Alzheimer leo. Na historia ya vidonge hivyo haianzii kwenye maabara ya Ulaya. Inaanzia kwenye kesi za uchawi huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo.

Waefik wa Calabar walikuwa na mmea wa kutambaa unaozaa haragwe kubwa la rangi ya kahawia, wakaliita esere. Mtu akishukiwa uchawi, alinyweshwa haragwe hilo limepondwa na kuchanganywa na maji. Akitapika, hana hatia. Akifa, basi, kesi imekwisha. Wamisionari wa Kiskoti waliofika huko miaka ya 1840 walipeleka mbegu hizo Edinburgh, na mwaka 1855 profesa Robert Christison akaamua kuonja mwenyewe. Alipoona nguvu zinamwishia, alikunywa haraka maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike. Akapona. Mwanafunzi wake, Thomas Fraser, akaandika tasnifu nzima kuhusu haragwe hilo mwaka 1862. Miaka miwili baadaye wakemia wa Kijerumani waliitenga sumu yenyewe na kuipa jina: fizostigmini.

Sawa, sumu imepatikana. Lakini inaua vipi? Jibu lilisubiri ndoto.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi walikuwa wanabishana: neva huongea kwa umeme au kwa kemikali? Otto Loewi, profesa wa Graz, Austria, aliota jaribio usiku, akaamka, akaandika, akalala. Asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja. Alikwenda maabara usiku ule ule, akachukua mioyo miwili ya vyura. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Akachukua maji yaliyouzunguka, akayamimina kwenye moyo wa pili usioguswa neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo. Yaani kulikuwa na kitu ndani ya yale maji kilichobeba amri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1921, na baadaye ikathibitika kwamba kitu hicho ni asetilikolini, mjumbe wa kwanza wa kemikali wa neva kugunduliwa.

Mwaka 1926 Loewi na mwenzake Navratil wakafunga mduara. Walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya kinachomvunja mjumbe huyo haraka, na kwamba fizostigmini hukizuia kimeng'enya hicho. Hapo siri ya Calabar ikafichuka. Aliyekunywa esere alikuwa anakufa kwa sababu wajumbe wake hawakuuawa: amri ile ile ikarudiwa na kurudiwa mpaka misuli ikashindwa na pumzi ikakata. Loewi alipata Nobel mwaka 1936 pamoja na Mwingereza Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi walimkamata kwa kuwa ni Myahudi, na aliiacha Austria baada ya kulazimishwa kutoa fedha za tuzo hiyo.

Wakati huo Alzheimer ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Mwaka 1901 huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimpokea Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa hata kumaliza kuandika jina lake. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliukagua ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyehusisha mabonge hayo na mioyo ya vyura.

Waliounganisha hadithi hizo mbili walikuwa, kati ya wengine, watafiti wa Edinburgh, mji ule ule wa Christison. Mwaka 1976 Peter Davies na A. J. F. Maloney walipima bongo za waliokufa na Alzheimer, wakakuta kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini kimepungua vibaya. Makundi mengine ya Uingereza yakaona vivyo hivyo. Tayari mwaka 1974 David Drachman na Janet Leavitt, nchini Marekani, walikuwa wamewapa vijana dawa inayomzuia mjumbe huyu, na vijana wale wakasahau kama wazee.

Matumaini yakapanda, na si bure. Miaka ya 1960 wagonjwa wa Parkinson waliokakamaa walianza kutembea baada ya kurudishiwa mjumbe wao, dopamini. Kwa nini isiwe hivyo kwa kumbukumbu? Mantiki ikawa ya Calabar: kama wajumbe wamebaki wachache, tusiwaue. Fizostigmini yenyewe ilijaribiwa, lakini haikai mwilini muda mrefu. Mwaka 1993 Marekani iliidhinisha takrini, iliyoumiza maini ya wengi. Mwaka 1996 ikaja donepezili. Baadaye ikaja rivastigmini, ambayo ni mjukuu halisi wa haragwe la Calabar, kikemia na hata kwa jina.

Dawa hizi husaidia, ila kidogo. Sababu ilionekana mapema. Mwaka 1982 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba seli zinazotuma asetilikolini kutoka chini ya ubongo zenyewe zinakufa. Unaweza kumlinda mjumbe, lakini huwezi kumlinda ambaye hajatumwa. Familia inayonunua kidonge ijue hivyo: kinaweza kuongeza miezi ya uelewa, hakizuii ugonjwa. Mgonjwa akizidi kusahau, si kwamba mmemtunza vibaya.

Na huku kwetu bado yapo maeneo ambako bibi anayezurura usiku na kuwasahau wanawe huitwa mchawi. Zamani Calabar mtu kama yeye angenyweshwa esere. Leo daktari anaweza kumwandikia mjukuu wa esere ile ile, kwa kipimo kidogo, ili alikumbuke jina la mwanawe kwa muda kidogo zaidi.