Kiua, Darizi na Taraza: Msamiati wa Washona Kofia wa Pemba

Kikundi kimoja cha kina mama washona kofia, katika kijiji kisicho mbali na mji wa Wete, kiliandaa semina ya siku mbili, na mwandishi wa makala haya akaombwa kwenda kutoa mhadhara juu ya istilahi za sanaa ya nguo. Alikwenda na orodha aliyoitunga mezani. Katika orodha hiyo, kile kishimo kidogo kinachotobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi hata kikawa pambo, kilipewa jina la "kitobo cha nakshi". Jina hilo liliposomwa, kilizuka kicheko. Bibi mmoja, ambaye hakuacha kushona muda wote wa mhadhara, alisema bila ya kuinua macho: "Mwanangu, tobo ni la panya. Hiki ni kiua."

Kosa lilikuwa la mwandishi, wala halina udhuru. Kofia ya viua ni jina linalojulikana na kila mtu mwambao mzima. Hata mwandishi mwenyewe alikuwa nayo moja nyumbani. Lakini alipokaa kuunda istilahi hakujiuliza kofia hiyo iliitwa hivyo kwa nini. Kiua ni ua dogo, na macho ya fundi hayaoni pale mahali palipotobolewa, bali huona petali za uzi zilizopazunguka. Yaliyofuata hapa ni matokeo ya aibu ile: jaribio la kufuatilia maneno machache ya kazi hii yalikotoka, na kuonyesha kwamba mengi kati ya tunayoyatafuta tunayo tayari.

Watu wa Pemba wamezoea nguo nzuri tangu zamani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kuwa wakazi wa Pemba, Mafia na Unguja walivaa hariri na pamba laini walizonunua Mombasa kwa wafanyabiashara wa Cambay, na kwamba wanawake wao walijipamba kwa dhahabu na fedha. Wala si kwamba mwambao ulikuwa ukipokea tu nguo za wageni. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alizisifu nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Na katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wamepata vidude vya kusokotea nyuzi. Maneno yetu ya msingi yanashuhudia ukale huo: uzi, kushona, kusokota, kufuma na pindo ni ya Kibantu, hayakuazimwa kwa mtu.

Maneno ya bidhaa, kwa upande mwingine, yana pasi za kusafiria. Bafta, ile nguo nyeupe nyembamba, limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya "iliyofumwa". Leso ni la Kireno. Merikani ni kumbukumbu ya majahazi ya Salem, Massachusetts, yaliyoleta pamba ya viwanda vya Marekani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya nchi hiyo na Seyyid Said. Mtu anaposema "merikani" anataja historia ya biashara nzima kwa neno moja, na kwa kawaida hana habari.

Sasa tuyatazame maneno mawili yaliyoleta mabishano makubwa zaidi semina nzima: darizi na tarizi. Watumiaji wengi wa leo huyachukua kuwa ni neno moja lenye matamshi mawili. Asili zake ni mbali mbali. Katika Kiarabu, darz ni mshono, na katika Kiajemi darzi ni mshonaji wa nguo. Tarizi inatokana na tiraz, jina la ule utepe wenye maandishi uliotiwa kwenye mavazi ya heshima katika enzi za Waabasi na Wafatimi, mara nyingi ukiwa na jina la mtawala. Jamaa ya tiraz katika Kiswahili ni taraza, yaani ukingo wa hariri unaofumwa kwenye kilemba au kikoi. Basi kwa asili darizi ni kazi ya mshono unaopita ndani ya nguo na kuzikamata tabaka zake, na tarizi ni kazi ya pambo linalowekwa pembeni au juu yake.

Anayeitazama kofia kwa karibu ataona umuhimu wa tofauti hii. Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa ubavuni, na kila sehemu ina tabaka za nguo zilizoshikanishwa kwa mishono ya karibu karibu hata zikakakamaa. Hiyo ni darizi hasa. Baadaye ndipo huja viua, vikifuata michoro iliyochorwa kwanza. Kisha sehemu mbili huungwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kuanikwa ikiwa imevikwa kitu cha mviringo. Kofia nzuri ya mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa kuwa mshonaji huishika baina ya shamba, jiko na watoto.

Kofia hii pia ina historia ya heshima ambayo haifai kupitwa. Katika zama za utumwa, kuvaa kofia kulikuwa ni alama ya uungwana, na mtumwa alikwenda kichwa wazi. Pemba, ambayo mikarafuu yake ilisalimika katika kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangamiza ile ya Unguja, ilikuwa na watumwa wengi mashambani. Sheria ilipoacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, waliopata uhuru wao waliharakia kanzu na kofia, na wanawake wakaharakia kanga. Kiua kilichotobolewa kwa sindano kikawa hoja ya uraia. Baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970, watu wengi wa asili ya Oman waliotoka visiwani walikwenda kuishi huko, na ustadi huu ukasafiri nao. Kofia ya Oman, iitwayo kumma, ni ndugu wa damu wa kofia yetu. Mpaka sasa Oman ni soko la kofia zinazoshonwa kwa mkono visiwani.

Lakini leo kofia za mashine zimejaa madukani, kwa bei ambayo mshonaji wa mkono haiwezi. Zikienda kofia za mkono, majina yake hayatabaki kwa huruma ya kamusi. Isitoshe, kiua kina adui mwingine ambaye ni sisi wenyewe wanaistilahi. Tumeunda kiuatilifu, kiuavijasumu, kiuadudu. Kijana wa skuli akikuta "kiua" peke yake atafikiri ni sumu. Mwenzangu mmoja ofisini alifikiri hivyo hivyo.

Siku ya pili ya semina orodha iliandikwa upya ubaoni, safari hii kina mama wakitaja na mwandishi akinukuu. "Kitobo cha nakshi" kilifutwa. Kiua kimeingizwa pamoja na maelezo ya namna kinavyofanywa, ili kisichanganywe na vile viuaji. Taraza imerudishwa kwa maana yake ya ukingo uliofumwa. Kuhusu darizi na tarizi, mwandishi alipendekeza yatenganishwe kama asili zinavyotaka. Bibi yule alisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema kuwa yeye tangu utotoni hudarizi tu, na anayetaka kutarizi na aje ashone. Pendekezo limeachwa wazi mpaka kikao kijacho.