Mlima Mmoja, Kamera Kumi na Mbili

Wiki ya mwisho ya Septemba, ukingo wa Oxbow Bend katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, jimboni Wyoming, hujaa watu kabla hakujapambazuka. Mto Snake umejikunja hapo na maji yake yametulia. Ng'ambo umesimama Mlima Moran, mita 3,842. Miguu ya tripodi hupishana, watu hupulizia vidole vilivyokufa ganzi, na mwalimu wa kundi hupita kwa mmoja mmoja akichungulia kioo cha kamera. Mwanga hugusa kilele kwanza, kisha hushuka taratibu hadi kwenye miti ya aspeni iliyogeuka rangi ya dhahabu. Hapo shata zote hulia kwa pamoja.

Wapo wanaosema ziara za picha za namna hii zinaua sanaa: watu kumi na wawili wamelipa fedha nyingi ili warudi na picha moja. Ukweli upo katika lawama hiyo, ila imemwangukia asiyehusika. Wengi kusimama mbele ya jambo moja si kasoro hata kidogo. Washairi wamefanya hivyo karne nyingi, na kazi zao zikanoga kwa sababu hiyohiyo.

Kwa Wamarekani, kamera na hifadhi vimekua pamoja. Mlima Moran wenyewe umepewa jina la mchoraji, Thomas Moran, aliyekuwa katika msafara wa mtafiti Hayden huko Yellowstone mwaka 1871 pamoja na mpiga picha William Henry Jackson. Kazi zao zilionyeshwa kwa wabunge huko Washington, na mwaka uliofuata Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa. Baadaye akaja mpiga picha Ansel Adams. Mwaka 1942 alipiga picha ya Mto Snake ukijizungusha chini ya milima ya Teton, picha ambayo mwaka 1977 ilisafirishwa hata na vyombo vya Voyager kwenda anga za mbali. Adams alikuwa pia mwalimu. Kuanzia 1955 aliendesha mafunzo ya kila mwaka katika hifadhi ya Yosemite, na ziara za leo zimerithi mengi kutoka kwake. Alifundisha kwamba mpiga picha aione picha iliyokamilika akilini kabla ya kubonyeza. Fundisho hilo nalikubali kabisa. Tatizo ni kwamba wafuasi wengi wanachokiona akilini ni picha ya Adams. Wanasimama aliposimama yeye, ilhali miti imekua na kuziba sehemu ya ule mzunguko wa mto. Mahali penyewe pamekataa kurudiwa.

Wajapani, kwa upande wao, walianza kuyafuata majani ya vuli zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Momijigari, matembezi ya kwenda kutazama majani yanayobadilika rangi, yalipendwa na makabaila wa enzi ya Heian, nayo yaliandamana na chakula, muziki na mashairi. Katika mashindano yaliyoitwa utaawase, washairi waligawanywa pande mbili, wakapewa mada moja, mathalani majani hayohayo, na mwamuzi akalipima shairi la huyu kwa shairi la yule. Hakuna aliyeona haya kutunga juu ya majani aliyoyatungia babu yake. Alitakiwa tu kuonyesha ameongeza nini. Filamu kongwe zaidi ya Kijapani iliyosalia, ya mwaka 1899, nayo ni ya mchezo wa kabuki uitwao Momijigari, kwa hiyo kamera ilipofika iliipokea mada ileile bila aibu. Sisemi Japani ya leo imeepukana na msongamano: mwaka 2016 hekalu la Tofuku-ji, Kyoto, lilipiga marufuku kupiga picha kwenye madaraja yake wakati majani yamekolea rangi, kwa usalama wa watu.

Msomaji wa Kiswahili halioni jambo hili kuwa geni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu. Katika malumbano, anayejibu hushika mada ya mwenzake na bahari yake, yaani aina ya utungo, mara nyingi hata vina vyake. Kadiri kanuni zinavyombana ndivyo ufundi wake unavyojitokeza, maana msikilizaji anazo tungo mbili za kupambanisha.

Kujibizana kwa namna hiyo ndiko kunakokosekana katika ziara nyingi za picha. Watu husimama pamoja alfajiri, jioni kila mmoja akajifungia chumbani na kompyuta yake. Hakuna anayemjibu mwenzake. Tazama jani la aspeni: kikonyo chake ni bapa, hivyo upepo kidogo tu hulitetemesha. Mmoja anatumia shata ya kasi na jani linaganda. Jirani yake anaiacha shata wazi sekunde nzima, na mti wote unayeyuka kuwa ukungu wa dhahabu. Wa tatu ameupa mlima kisogo, anapiga jani moja lililonaswa kwenye barafu nyembamba ya ukingoni. Picha hizo tatu zikiwekwa pamoja mezani, kila mmoja atajua alichokiona na kilichompita.

Na madhara ya kung'ang'ania picha moja hayawafiki wasanii peke yao. Septemba hiyohiyo, kaskazini mwa Serengeti, magari yanayofukuzia picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara yanaweza kuwazibia wanyama njia. Kila mtu akitaka picha ileile, mnyama ndiye anayelipa.

Ukitaka kujiunga na ziara ya picha, maswali ya hoteli na ya lenzi yasubiri. Uliza kwanza kama kila jioni kundi litaketi kuonyeshana na kukosoana picha, na kama mwalimu naye ataiweka yake mezani. Wakikuambia jioni ni ya kupumzika tu, tafuta kundi jingine.