Mjue Fatuma Zarika, bondia aliyeufuata mkanda ugenini

Wadau wa Tukuyu na Rungwe yote, tukibishana ngumi hapa mjini nasikia majina ya wanaume tu. Leo nawaletea dada wa Nairobi, Fatuma Zarika.

Oktoba 1, 2016 alipanda ulingoni Flint, Michigan, Marekani, kumvaa Alicia Ashley, bingwa wa WBC uzito wa super bantam (kilo 55 na kidogo). Ashley alikuwa na miaka 49, ila usicheke, mama yule fundi haswa. Akina dada hupigana raundi 10 za dakika mbili mbili, hivyo KO si rahisi, mara nyingi wanaamua majaji. Na ugenini majaji ndo hofu yenyewe! Wawili wakampa Zarika, mmoja Ashley. Mkanda ukaenda Kenya.

Catherine Phiri wa Zambia aliufuata Nairobi mara mbili, 2017 na 2019, akapigwa zote. Septemba 2018 Zarika akaenda Mexico kwa Yamileth Mercado, akashinda kwa pointi. Novemba 2019 akarudi kule kule kwa Mercado, akaupoteza.

Mi ningekuwa meneja wake, pambano la marudiano ningeling'ang'ania lipigwe Nairobi. Au nyie mnaonaje?