Mguu kifundo

Mguu kifundo ni ulemavu wa kuzaliwa ambapo wayo wa mtoto huwa umepinda kuelekea ndani na chini, na kisigino kimepanda juu. Humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa. Wavulana huathirika karibu mara mbili zaidi ya wasichana, na kwa nusu hivi ya watoto hao miguu yote miwili huwa imepinda. Ulemavu huu hutibika, hasa tiba ikianza katika wiki za mwanzo za maisha.

Chanzo na athari

Hakuna chanzo kimoja kinachoeleza kila mguu kifundo, ingawa urithi una nafasi yake: huonekana zaidi katika familia zilizowahi kupata mtoto wa aina hiyo. Hautokani na laana, uchawi wala kosa la mama wakati wa ujauzito, na mama asibebeshwe lawama hiyo. Mtoto mchanga hasikii maumivu. Asipotibiwa, hukua akikanyagia upande wa nje wa wayo au hata sehemu ya juu ya wayo. Ngozi huota sugu na vidonda, viatu vya kawaida havimwingii, na kutembea huwa mateso.

Historia ya tiba

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wengi walitegemea upasuaji mkubwa. Ignacio Ponseti (1914–2009), mzaliwa wa kisiwa cha Menorca, Hispania, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alibaini kwamba miguu iliyopasuliwa hivyo hukakamaa na kuuma utu uzimani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alibuni tiba ya kunyoosha kwa mikono na plasta. Ilichukua miongo kadhaa kukubalika, lakini leo ndiyo inayotumika zaidi duniani. Siku ya kuzaliwa ya Ponseti, Juni 3, huadhimishwa kuwa Siku ya Mguu Kifundo Duniani.

Hatua za tiba

Kila wiki mtaalamu huunyoosha wayo taratibu, kisha huufunga plasta ngumu (hogo) kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Kwa kawaida plasta 5 hadi 7 hutosha, kwa kuwa kano za mtoto mchanga bado ni laini. Kisigino kikibaki juu, kama inavyotokea kwa watoto wengi, kano yake hukatwa kwa tundu dogo baada ya sindano ya ganzi. Plasta ya mwisho hukaa wiki 3, na kano huunga upya ikiwa ndefu zaidi.

Hapo huanza kazi ya nyumbani. Mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka 4 au 5. Kiatu cha mguu uliotibiwa hugeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70.

Afrika Mashariki

Uganda ina mchango mkubwa katika tiba hii. Huko Michiel Steenbeek, raia wa Uholanzi, alibuni viatu vya ufito vinavyotengenezwa kwa ngozi na chuma vinavyopatikana nchini, hivyo gharama ikashuka. Shafique Pirani, daktari wa Kanada mzaliwa wa Uganda, alibuni kipimo cha alama 0 hadi 6 cha kupima ukali wa ulemavu, na alishiriki kuieneza tiba nchini humo. Hospitali za CCBRT, Dar es Salaam, Tanzania, na CURE, Kijabe, Kenya, ni miongoni mwa zinazowahudumia watoto hawa.

Kurejea kwa ulemavu

Sababu kuu ya mguu kupinda tena ni kuacha viatu mapema, mara nyingi kwa sababu mtoto analia au mguu unaonekana umepona. Mzazi anayeona wayo wa mtoto wake umepinda ampeleke kliniki mara moja, na mguu ukishanyooka, asiache kumvalisha viatu vya ufito kama alivyoelekezwa hadi mtaalamu aseme.